Lili kwenye udongo wa Nakuru: kuanzia kitunguu hadi friji

Lili za kwanza nilizopanda hapa Kiamunyi zilikufa kwa kupendwa. Nilinunua vitunguu sita kwenye kitalu cha kando ya barabara, nikavizika vizuri, nikavimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni, na juu yake nikanyunyiza mbolea iliyobaki tulipopanda mahindi. Vitatu vilioza kabla ya kuchomoza. Vitatu vingine vilitoka, lakini ncha za majani zikaungua kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Ilinichukua misimu kadhaa kuelewa kwamba nilikosea mara tatu: maji yalizidi, maji yenyewe hayakufaa, na ile mbolea ndiyo ilimalizia. Nilielewa pia kwamba katika nchi isiyo na majira ya baridi kali, kazi kubwa ya lili huanza siku ua linaponyauka, wakati wengi wetu tunang'oa na kutupa.

Jua kwanza unanunua lili gani

Neno hili linabeba maua mengi yasiyo na undugu. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni yungiyungi, na wengine husema nyinyoro, lakini yungiyungi ni pia lile ua linaloelea majini. Kitaluni utaambiwa "lili" ukionyeshwa kala, kana, agapanthasi au hata lili ya siku moja. Yote ni maua mazuri, ila matunzo yake ni tofauti kabisa.

Ninayoizungumzia hapa ni lili yenyewe, ile ambayo wataalamu huiita Lilium. Utaitambua kwa kitunguu chake: hakina ganda la nje kama kitunguu cha jikoni. Kimeundwa kwa magamba manene yaliyopangana mithili ya vigae, na chini kina mizizi minene. Bua linasimama wima, majani yanalizunguka, na maua hukaa kileleni. Vitunguu vingi vinavyouzwa nchini vimetoka Uholanzi, na vimeshawekwa kwenye baridi huko kabla ya kusafirishwa. Hilo la baridi likumbuke, tutalirudia.

Kuna makundi matatu utakayokutana nayo sana. Lili za Kiasia ni fupi kiasi, zina rangi kali za machungwa, njano na nyekundu, hazinukii, na ndizo ngumu kuliko zote. Lili nyeupe ndefu kama tarumbeta, ile inayopamba madhabahu wakati wa Pasaka, asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani. Halafu kuna lili za Mashariki, kubwa, za waridi au nyeupe, zenye harufu inayojaza nyumba nzima. Hizi za mwisho hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na maji yetu mengi hapa Bonde la Ufa yana magadi. Kwa anayeanza Nakuru, nashauri za Kiasia. Za Mashariki ziache kwa mwaka wa pili, na uzipande kwenye chungu ambako unaweza kuuchagua udongo mwenyewe.

Tazama mwinuko wa kwako

Nakuru mjini tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali lakini usiku hupoa, na lili hupenda hivyo. Ukipanda kwenda Njoro, Molo, Kericho au Eldoret mambo huwa mazuri zaidi, ila mvua nyingi huleta ugonjwa wa ukungu kwenye majani. Kakamega, kwenye mita 1,500 hivi, inawezekana ukipata kivuli cha alasiri.

Kisumu ni hadithi nyingine. Mji upo kwenye mita 1,130 hivi, mchana ni joto na usiku haupoi vya kutosha. Lili ya Kiasia itachanua mara moja kwa nguvu iliyokuja nayo kutoka Uholanzi, na baada ya hapo kitunguu hudhoofika. Ndugu zangu wa kandokando ya ziwa, msijitese. Pandeni lili ya moto, ile itambaayo kwa ncha za majani yake na kutoa maua mekundu yenye kingo za njano. Ni mmea wa kwetu kabisa, huamka mvua inapoanza na kulala kiangazi. Kiazi chake kina umbo la herufi V. Kilaze ubavu sentimita 5 hadi 10 chini ya udongo, na usivunje ncha yenye jicho, kwa maana huko ndiko kunakochipuka. Onyo moja tu: mmea mzima una sumu kali inayoweza kuua mtu, na kiazi ndicho kibaya zaidi. Usiipande hata kidogo karibu na viazi vitamu au viazi vikuu, maana mtu anayechimba chakula jioni anaweza kukosea.

Kuchagua kitunguu

Kibonyeze. Kiwe kigumu na kizito kwa ukubwa wake, mizizi ya chini iwe bado ina unyevu, magamba yasiwe na madoa ya kahawia kwenye kitako. Kitako laini chenye harufu ya kuoza, hata ukipewa bure, kiache. Wauzaji hupima kwa mzunguko: kitunguu cha sentimita 14 hadi 16 kukizunguka hutoa maua kadhaa, kidogo zaidi ya hapo hutoa machache. Kikiwa kimechipua kidogo si neno, ila chipukizi refu lililopauka ni dalili kwamba kimekaa dukani muda mrefu.

Kingine ni kwamba kitunguu cha lili hakilali kabisa kama cha jikoni. Ukikiacha dirishani juani wiki mbili kinanyauka. Nunua siku utakayopanda, au kesho yake.

Tayarisha mahali

Unatafuta sehemu inayopata jua la asubuhi kwa saa sita hivi na kivuli chepesi kuanzia saa nane mchana. Upande wa mashariki wa nyumba ni mzuri sana. Usipande chini ya matone ya paa.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, uende ukafanye kazi nyingine. Ukirudi baada ya saa mbili ukayakuta maji bado yamesimama, usipande hapo chini. Inua tuta la sentimita 20 au 25. Sehemu nyingi za Nakuru zina udongo mwepesi wa majivu ya volkano, wenye vijiwe vinavyoelea majini, na maji hupita haraka. Hapo tatizo ni kinyume, udongo haushiki unyevu, kwa hiyo changanya mboji iliyoiva, debe moja kwa kila hatua moja ya mraba. Kwa udongo mwekundu mzito wa upande wa Kakamega na Vihiga changanya mboji na mchanga wa mto.

Samadi mbichi ni adui. Itaunguza magamba na kuita ukungu. Samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita, inayonukia udongo na si zizi, hiyo sawa.

Kupanda

Hapa wengi huzika juujuu kwa sababu wamezoea vitunguu vya kula. Lili ina mizizi ya aina mbili. Ya chini ya kitunguu hukishikilia, lakini mizizi inayolisha bua hutoka kwenye bua lenyewe, juu ya kitunguu, ndani ya udongo. Ukipanda juujuu, mizizi hiyo haina pa kukaa. Bua huwa jembamba na huanguka likibeba maua. Kwa hiyo pima kimo cha kitunguu, na juu yake pawe na udongo mara tatu ya kimo hicho. Kwa kawaida hiyo ni sentimita 15 hadi 20 kutoka juu. Acha sentimita 20 hadi 30 kati ya kimoja na kingine. Mizizi iwe chini, ncha juu. Kama hujui ipi ni ipi, kilaze ubavu, bua litajitafutia njia.

Kwenye chungu, tumia chenye kina cha sentimita 30 au zaidi. Ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20 inatosha vitunguu vitatu, mradi uitoboe matundu mengi chini.

Baada ya kufukia, mwagilia mara moja mpaka udongo ulowe wote, kisha tandaza majani makavu au nyasi unene wa vidole vitatu. Lili hutaka jua usoni na ubaridi miguuni, na matandazo ndiyo huupa udongo ubaridi huo.

Kuhusu majira: lili haisubiri msimu wetu, hufuata saa yake tangu siku ilipozikwa. Ya Kiasia huchukua wiki 10 hadi 13 mpaka kuchanua, nyeupe ya Pasaka na zile za Mashariki wiki 14 hadi 17. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Ukitaka maua mezani siku ya Krismasi, zika za Kiasia wiki ya mwisho ya Septemba. Mimi hukwepa kuzika mwanzo wa Aprili, kwa sababu masika hukikuta kitunguu hakijapata mizizi, na kitunguu kisicho na mizizi hakiwezi kunywa maji hayo yote.

Maji, na habari ya meno ya kahawia

Mtu aliyekulia Nakuru, Gilgil au Naivasha utamjua akicheka. Meno yenye madoa ya kahawia hutokana na floraidi, madini ambayo maji ya chini ya ardhi huyachukua kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya huku kwetu hupita hapo.

Sasa, lili ni miongoni mwa maua yanayoumizwa na floraidi, hasa ile nyeupe ya Pasaka. Madini hupanda na maji, hufika ukingo wa jani, maji hupotea hewani, nayo hubaki palepale. Ndiyo maana kuungua huanzia karibu na ncha, kwa umbo la nusu mwezi, tena kwenye majani yaliyokomaa. Nilidhani ni jua. Nikaongeza maji. Kumbe nilikuwa naongeza sumu.

Tumia maji ya mvua. Tangi la paa likiwepo, lili ziwekee sehemu yake. Kama huna, jerikeni chache zilizokingwa kwenye mfereji wa bati zinatosha bustani ndogo kwa wiki kadhaa. Kuchemsha hakusaidii, floraidi haiondoki na mvuke, tena hubaki imekolea zaidi. Kama maji ya kisima ndiyo pekee uliyo nayo, changanya chokaa ya kilimo kidogo kwenye udongo kabla ya kupanda, kwa kuwa kalsiamu huishika floraidi na mmea huichukua kidogo. Usifanye hivyo kwa lili za Mashariki, ambazo hazipendi chokaa.

Kwa sababu hiyohiyo, kaa mbali na superfosfeti na mbolea nyingine za fosfeti. Hutengenezwa kutokana na mawe ambayo ndani yake mna floraidi. Mbolea yangu ya mahindi ilikuwa ya jamii hiyo. Lili haihitaji sana fosfeti. Mboji humtosha mwanzoni, na chipukizi likifika urefu wa kiganja, mpe kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya CAN kuzunguka kila bua, sentimita kumi kutoka shinani, kisha mwagilia. Rudia mara moja matumba yakianza kuonekana. Basi.

Mwagilia unapochomeka kidole na kukuta udongo mkavu mpaka pingili ya pili. Kiangazi hiyo ni kama mara mbili kwa wiki, kwenye chungu mara nyingi zaidi. Mimina chini, shinani, asubuhi. Majani yaliyolala yameloa huamka na ukungu.

Kijiti, ukungu na fuko

Bua likifika magotini chomeka kijiti upande, lakini si karibu sana usije ukakitoboa kitunguu, na ulifunge kwa uzi laini bila kulibana. Upepo wa alasiri unaoshuka kutoka Menengai hauoni haya.

Ukiona madoa ya mviringo ya kahawia yanayoanzia majani ya chini na kupanda juu wakati wa mvua, huo ni ukungu. Usichanganye na nusu mwezi za floraidi. Chuma majani yaliyoathirika uyachome moto, punguza msongamano, na mvua ikiendelea nunua dawa ya ukungu yenye shaba kwenye agroveti. Vidukari wakijaa kwenye matumba, wapuliziwe maji ya sabuni ya kipande jioni. Usiwadharau, kwa sababu hubeba virusi. Mmea wenye majani yenye michirizi ya njano na maua yaliyopinda hauna dawa, ung'oe na kitunguu chake. Konokono wasakwe usiku kwa tochi.

Na fuko. Kwa wanaoishi Bahati, Njoro, Molo na Kuresoi sina haja ya kumweleza. Anakula kitunguu kutoka chini, na wewe unaona bua limelala tu asubuhi. Mitego inasaidia, lakini kilichonisaidia mimi ni kusuka kikapu cha wavu wa kuku, ule wenye matundu madogo, nikakizika na kupanda ndani yake. Mizizi hupita, fuko hapiti. Kuku nao wana lao: wanapenda kuchakura matandazo mapya, kwa hiyo funika kwa matawi yenye miba wiki mbili za kwanza.

Kukata, na paka wa nyumbani

Kata bua wakati tumba la kwanza limeshapata rangi lakini bado limefumba; matumba yote yatafunguka ndani ya maji. Acha angalau theluthi moja ya bua na majani yake, nusu ni bora zaidi, maana majani hayo ndiyo yatakayokijaza kitunguu kwa mwaka ujao. Ua likifunguka ng'oa vile vifuko vya unga wa machungwa vilivyo katikati kabla havijakauka. Unga huo ukidondoka kwenye kitambaa cha meza, usisugue wala usitie maji. Bandika selotepu juu yake, uivute. Unga utatoka nayo.

Kama una paka, soma hapa mara mbili. Lili hii, pamoja na lili ya siku moja, huua paka. Si lazima ale ua. Kulamba unga uliomwangukia manyoyani au kunywa maji ya chombo cha maua kunatosha kuharibu figo zake kwa siku mbili tatu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo, kuna kumwahisha kwa daktari wa mifugo awekewe maji ya mshipa mapema kabla dalili hazijakomaa. Mwenye paka na apande kana.

Baada ya ua

Maua yakinyauka yaondoe, usiache yatunge mbegu. Majani yaache. Endelea kumwagilia kwa kiasi, kwa wiki nane au zaidi, mpaka yageuke manjano yenyewe. Ni kipindi kibaya kwa macho na wageni watakuuliza kwa nini hufyeki. Panda maua madogo mbele yake uyafiche.

Kule lili zilikotoka, baada ya hapo huja miezi ya baridi kali, na baridi hiyo ndiyo hukiambia kitunguu kwamba ni wakati wa kutengeneza ua jipya. Nakuru usiku hupoa hadi nyuzi 10 au 12 hivi, hazitoshi. Nilizoziacha ardhini zilirudi, lakini kila moja kwa wakati wake, fupi, na nyingine majani matupu.

Kwa hiyo tumia friji. Chimba kwa uma wa shamba, tikisa udongo, kata bua, acha mizizi ya chini. Vitunguu visioshwe vikawekwa vikiwa na maji. Viweke kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu kadhaa pamoja na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au vumbi la mbao lenye unyevu wa sponji iliyokamuliwa, halafu sehemu ya mboga ya friji, kati ya nyuzi 2 na 5, kwa wiki sita hadi nane. Visigande. Na friji hiyo isiwe na ndizi, maembe wala parachichi zinazoiva, kwa kuwa gesi ya matunda huua ua ndani ya kitunguu kabla hujaliona. Kagua kila wiki mbili, chenye ukungu kitoe.

Andika MAUA kwenye mfuko, kwa herufi kubwa, na tarehe. Msimu mmoja nilikuta shemeji yangu amekwisha kumenya kimoja kwa ajili ya kachumbari, analalamika kwamba vitunguu vya siku hizi havitoi machozi.

Kuzidisha

Wakati wa kuchimba, kabla ya friji, bandua magamba matatu au manne ya nje kwenye kila kitunguu kikubwa; hakitaumia. Yabandue mpaka chini kabisa, yawe na kipande kidogo cha kitako. Yachovye kwenye dawa ya ukungu, yaache yakauke kivulini saa moja, kisha yafunge kwenye mfuko wenye kokopiti yenye unyevu kidogo na uweke kabatini penye joto la kawaida la nyumba. Baada ya wiki sita hadi nane, chini ya kila gamba utakuta vitunguu viwili au vitatu vidogo kama punje ya njegere. Vikae friji wiki nyingine nane, halafu vipandwe kwenye sinia la miche, kina cha vidole viwili.

Mwaka wa kwanza utaona jani moja moja tu kwa kila kitunguu, kama nyasi, na aliyekuja kupalilia atataka kuling'oa. Weka vijiti vya alama. Ua la kwanza litakuja mwaka wa pili au wa tatu, nalo mara nyingi ni moja tu kwenye bua fupi. Hilo usilikate.